DOA JEUSI LISITUFANYE TUTUPE MEZA

Nimeshika kalamu kuzungumzia jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo: madoa meusi kwenye meza, viti na milango ya mbao nyumbani. Lakini wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mto Tana ulipofurika mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, maji yaliingia katika nyumba nyingi hapa Garissa. Yalipopungua, vyombo vya mbao vikabaki na mabaka meusi. Kuna walioparura kwa visu na vigae vya chupa, wengine wakapaka rangi juu, wengine wakafanya kuni. Mimi nasema huo ni ubadhirifu. Mbao ya kununua ni ghali, na kutoka Nairobi hadi hapa ni kama kilomita 370 za gharama ya lori. Sisi wanafunzi wa kutwa ndio tunaojua uchungu wake: meza ikienda, kazi ya ziada huandikiwa magotini!

Maoni yangu ni kwamba tulijue doa kabla ya kulisugua. Hebu tazameni loho ya dugsi. Wino wake ni makaa yaliyosagwa, maji na gundi ya mgunga. Wino huo hukaa juu ya ubao, ndiyo maana maji matupu huuondoa na somo jipya likaandikwa. Wino wa biro haujali maji. Huo hutaka kitambaa chenye spiriti kidogo. Kidogo tu, kwani spiriti hula vanishi pia.

Mabaka ya mafuriko, aghalabu, ni ukungu. Ukungu hupenda unyevu. Jifunge kitambaa puani, osha kwa maji ya sabuni, kisha kausha kivulini penye upepo. Jua letu la saa saba litapasua mbao. Masizi ya jiko nayo yafutwe makavu kwanza, maana maji huyasukuma ndani. Duara jeusi chini ya sufuria ya chuma iliyolowa ni kutu iliyokutana na asili ya ubao wenyewe. Paka maji ya ndimu, ngoja, kisha suuza. Palipoungua na kaa la dabqaad, hapo ni msasa tu, kwa kufuata nyuzi za mbao.

Aidha, tuache mtindo wa kuchanganya dawa ati ndiyo ziwe kali. Dawa ya klorini ikichanganywa na siki au ndimu hutoa hewa ya sumu. Meza haina thamani kuliko mapafu ya mtoto.

Najua wapo watakaosema hii ni kazi ya wasichana, au tununue plastiki yaishe. Jamani! Doa halijui mvulana wala msichana, na kiti cha plastiki kikikaa juani miaka michache hupasuka, wala hakuna seremala wa kukiunga.

Kwa hivyo wenzangu, likizo hii kila mmoja aangalie meza ya kwao. Ulizeni kwanza: hili ni doa la nini? Mzee wa nyumba akitaka kuichoma, mwombeni awape siku moja, ndimu mbili na kitambaa.