Usukani Mgumu Hauzoeleki

Imekuwa desturi katika baadhi ya yadi za magari yaliyotumika jijini Dar es Salaam kwamba mnunuzi akilalamika kuwa usukani ni mgumu, hujibiwa kwa tabasamu: "Gari limekaa sana, likitembea litalainika. Utalizoea tu." Jibu hilo ni la ulaghai, na halina budi kuitwa hivyo.

Usukani unaosaidiwa na nguvu ya mashine ama ni mwepesi tangu siku ya kwanza, ama una hitilafu. Katika magari mengi ya zamani kuna pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, nayo husukuma mafuta hadi kwenye reki ya usukani. Mafuta yakipungua, mkanda ukilegea, pampu ikichoka au reki ikivuja, kazi yote huhamia mikononi mwa dereva. Magari mengi madogo ya karne hii hayana mafuta hayo. Yana mota ya umeme, ambayo huweza kuacha kusaidia ghafla, hata katikati ya kona. Kweli, pengine ni upepo mdogo tu wa matairi, jambo la dakika chache. Lakini reki iliyokwisha huweza kummeza mwalimu mshahara wake.

Mwuza magari anaijua tofauti hiyo. Wapo wanaoongeza mafuta asubuhi ya siku anayotarajiwa mteja, ili uvujaji usigundulike mpaka fedha zimekwisha kulipwa. Wapo wanaoizima taa ya onyo.

Anayeumizwa ni nani? Mara nyingi ni mtumishi aliyekopa. Makato ya mkopo hayasimami gari likilala gereji. Kila mwisho wa mwezi hukatwa vilevile, naye huenda kazini kwa daladala huku akililipia gari.

Wenye yadi hujitetea kwamba gari lililotumika haliwezi kuwa kama jipya. Ni kweli. Basi na waandike: "Usukani una hitilafu, bei imepunguzwa kwa sababu hiyo." Hawaandiki. Wanachoandika kwenye stakabadhi ni "limeuzwa kama lilivyo", kisha mdomoni wanaapa kwamba gari ni zima.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba mnunuzi aliyeikagua bidhaa hana kinga hiyo kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Hapo ndipo lile neno "utalizoea" linapogeuka mtego: aliyeuhisi ugumu kwa mikono yake, akanyamaza, akalipa, amejidhoofishia madai yake mwenyewe. Na inashangaza kwamba mwalimu asiyeacha hata mkato mmoja umponyoke katika daftari la mwanafunzi hutia sahihi stakabadhi ya mamilioni bila kuisoma, kwa kuona haya mbele ya kijana wa yadi.

Haya hiyo haina maana. Mnunuzi awashe swichi kabla ya injini, aone kama taa ya usukani inawaka, na kama inazimika injini ikinguruma. Katika magari mengi taa isiyowaka kabisa ina mashaka kuliko inayowaka. Kisha gari likiwa limesimama, azungushe usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, asikilize mlio. Barabarani, baada ya kona, aone kama usukani unarudi wenyewe. Siku ya pili arudi bila kutoa taarifa, na fundi wake, si fundi wa yadi, atazame chini ya gari na kwenye chupa ya mafuta ya usukani.

Ukiwa mgumu, utengenezwe kwanza, fedha zifuate. Mwuzaji akiahidi kuutengeneza baadaye, ahadi iandikwe katika mkataba: kasoro ni ipi, nani atalipa, na lini.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Kumwambia mteja kwamba reki mbovu itapona kwa kutembezwa ni upotoshaji usiohitaji mtaalamu kuutambua. Tume ya Ushindani na ipite kwenye yadi hizo, na ianze kwa kuzisoma stakabadhi zao.