Nani Atampa Mtoto Karatasi ya Kuharibu?



Lugha yetu ni tajiri wa methali za uvumilivu. Mvumilivu hula mbivu. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto huzisikia kabla hajajua kusoma, na mara nyingi huzisikia saa ile ile anapotaka kuacha alichoanza. Methali hizo ni za kweli. Lakini hazituambii tunda hilo liliivia katika shamba la nani, wala ni nani aliyekubali jiwe lake likatwe.

Swali hilo tumelipata katika kitabu kidogo cha picha kilichoandikiwa watoto wa Marekani. Kinaitwa More-igami, kilitungwa na Dori Kleber, kikachorwa na G. Brian Karas, na kilitoka mwaka 2016. Jina lake ni mchezo wa maneno: neno la Kiingereza lenye maana ya “zaidi” limeunganishwa na origami, ufundi wa Kijapani wa kukunja karatasi mpaka iwe ndege, ua au sanduku, bila gundi na, kwa desturi, bila mkasi. Kwa Kijapani oru ni kukunja, na kami ni karatasi.

Mhusika mkuu ni mvulana anayeitwa Joey, mpenzi wa kila kitu kinachokunjwa. Siku moja mama wa mwanafunzi mwenzake, Bi. Takimoto, anakuja darasani, anachukua karatasi moja na kuigeuza kuwa korongo. Joey anaduwaa. Anataka naye awe fundi, na mama yule anamweleza kwamba jambo hilo lahitaji mazoezi na subira. Mpaka hapo hadithi hii inafanana na nyingine nyingi za aina yake, na kama ingaliendelea hivyo tusingaliitaja hapa.

Uzuri wake unaanza pale Joey anapolitii shauri hilo. Anakunja kila karatasi anayoiona nyumbani: kazi zake za shule, nota za muziki za dada yake, kadi za mapishi, na mwishowe noti za fedha zilizo mkobani mwa mama yake. Mama anasema basi, yametosha. Tunamsifu mwandishi kwa ukurasa huo. Vitabu vya watoto hupenda kuuonyesha uvumilivu kama jambo la moyoni tu, la mtoto anayekaza meno peke yake huku dunia ikimngoja. Huyu ameonyesha ukweli ambao kila mzazi anaujua: anayejifunza huharibu vitu, na vitu hivyo vina wenyewe. Mama wa Joey hana ubaya wowote. Noti zile ni chakula cha nyumba.

Mtoto amefanya aliloambiwa, na kwa kulifanya amekuwa mzigo kwa watu wa nyumbani. Basi afanye nini? Anakwenda katika mgahawa wa jirani yao, Bwana Lopez, akiwa amevunjika moyo, na huko mikono yake inakutana na vitambaa vya mezani. Bwana Lopez hamfukuzi. Anampa vitambaa avikunje, kwa maana mgahawa una meza nyingi, na kitambaa kilichokunjwa vibaya hukunjuliwa kikakunjwa tena bila hasara ya mtu. Ni humo Joey anapofanya mazoezi hadi korongo wake anatokea, na mwishoni msichana mmoja anataka naye kufundishwa.

Wengi wanaowasomea watoto kitabu hiki humwonyesha Joey kuwa mfano wa kuigwa. Sisi twaona kwamba kwenu ninyi, vijana mnaowaongoza watoto wa Kizito-Anuarite na mnaofundisha nyimbo, kushona na kusoma katika jumuiya zetu, wa kutazamwa zaidi ni Bwana Lopez. Hatoi hotuba. Hajui origami. Ana meza, ana kitu kisichoharibika kwa kukosewa, na ana jicho la kutambua kwamba kile kilichokuwa uharibifu katika nyumba moja ni msaada katika nyumba ya pili.

Mtu aweza kutupinga kwa mfano mzito. Akira Yoshizawa, aliyezaliwa mwaka 1911 na kufariki mwaka 2005, ndiye Mjapani aliyeuinua ufundi huu kutoka mchezo wa watoto hadi sanaa inayoheshimiwa duniani. Katika ujana wake alifanya kazi kiwandani. Aliiacha ili ajitoe kwa karatasi tu, akaishi katika umaskini kwa muda wa miaka kama 20, akitembeza vyakula vya kuuza mlango kwa mlango. Ndipo mwaka 1951 gazeti moja likamwomba atengeneze wanyama 12 wa kalenda ya Kijapani, na mwaka 1954 kitabu chake cha kwanza kikatoka. Basi, atauliza mpinzani wetu, huyu alipewa vitambaa na nani?

Tunajibu kwamba watu wa namna hiyo wapo, nasi twawastahi, lakini parokia haiwezi kupanga kazi yake kwa kutegemea kwamba kila mtoto atakuwa Yoshizawa. Tena hata yeye alikuwa na meza yake: kule kiwandani alipewa kazi ya kuwafundisha vijana jiometri, naye akaifundisha kwa kukunja karatasi. Na tunda la taabu yake lilikuwa nini? Mbali na maumbo mengi aliyoyabuni, alitunga alama za mistari na mishale ambazo mpaka leo huonyesha katika vitabu vya origami mahali pa kukunja na upande wa kukunjia. Kwa alama hizo mtoto wa lugha yoyote hufuata kazi ya fundi asiyemjua. Aliyeteseka miaka 20 aliwafupishia wengine njia.

Kwetu mambo yakoje? Fundi cherehani mwenye busara humpa mwanafunzi karatasi ya mfuko wa sementi akate kola na mikono ya shati kabla hajagusa kitambaa cha mteja. Huyo ni Bwana Lopez wetu. Lakini yapo pia magitaa ya kwaya yanayofungiwa kabatini kuanzia Jumapili hadi Jumapili, yasije yakakatwa nyuzi. Na kiongozi wa kwaya hushangaa kwamba kwa miaka mitano mpigaji ni yule yule mmoja, na alipohamia mji mwingine nyimbo zikabaki na ngoma peke yake. Vijana wa kwaya hiyo huambiwa kwamba hawana uvumilivu. Wangeuvumilia nini, kama gitaa lenyewe hawaligusi? Uzi wa gitaa ni ghali, tunakubali. Mpigaji wa pili ni ghali zaidi kumkosa.

Karatasi, kwa bahati njema, haitufungi sana. Mwaka wa masomo unapokwisha, daftari nyingi huishia kufungia karanga sokoni. Kundi litakalotaka kujaribu liziombe chache kabla hazijafika huko, kwa maana karatasi iliyoandikwa hukunjika sawa na nyeupe. Ukurasa wa daftari si mraba: kunja pembe moja ya juu mpaka ukingo wake ulale juu ya ukingo wa pembeni, kisha kata ukanda unaobaki chini. Anzeni na mashua au kofia, halafu korongo. Yeye ni wa kale sana. Kitabu cha Kijapani cha mwaka 1797 chaonyesha jinsi ya kukunja makorongo kadhaa walioungana kutoka karatasi moja.

Wengi watakwama mahali pamoja, pale ncha moja inapoinuliwa juu na kingo mbili za pembeni zinatakiwa kuingia kati zenyewe. Hapo karatasi huchanika. Anayeongoza awe na karatasi nyingine tayari mkononi, amwekee mtoto mbele yake bila neno, na yeye mwenyewe akunje tena polepole kuanzia mwanzo. Korongo wa kwanza atakuwa na shingo iliyopinda na bawa moja fupi. Awekwe mezani pamoja na wengine.