Usijaze mkoba, lenzi tatu zatosha

Mpenzi msomaji, umejinunulia kamera ya kisasa, hizi ndogo zisizo na kioo ndani, na sasa muuzaji anakushawishi ubebe lenzi tano kwa mpigo. Hebu ngoja kwanza. Haraka haraka haina baraka.

Mnamo 2019 niliombwa nipige picha katika harusi ya binamu yangu. Nilikwenda na lenzi moja nzito ya kuvuta mbali. Ukumbini taa zilikuwa hafifu, na nyanya aliposimama kumbariki bibi harusi, picha zote zilitoka na ukungu. Mwaka uliofuata nyanya alituaga dunia. Hadi leo tunaikodolea macho picha ile tukiutafuta uso wake.

Kosa lilikuwa wapi? Lenzi ile ilipovuta, tundu lake la mwanga lilikuwa f/5.6. Lenzi ya f/2 huingiza mwanga mara nane ya huo. Kumbuka: nambari ikipungua, tundu hupanuka.

Je, uchague zipi? Tuchukue mfano wa kamera za Fujifilm za aina ya X. Zina lenzi tatu ndogo za f/2: ya milimita 23 yenye uzito wa gramu 180, ya 35 yenye gramu 170, na ya 50 yenye gramu 200. Jumla ni gramu 550, nusu kilo na ushei. Utapanda nazo matatu bila mtu kujua umebeba nini.

Ya 23 ni ya jamaa waliojaa sebuleni. Ya 35 huona karibu kama jicho lako. Ya 50 ni ya uso wa mtu, kwani huyafifisha yaliyo nyuma yake. Hazivuti hata kidogo. Ni miguu yako itakayosogea.

Hata hivyo, usizinunue zote siku moja. Pekua picha ulizopiga kwa lenzi iliyokuja na kamera. Kila picha huhifadhi milimita ulizotumia. Ukiona nyingi ziko kati ya 30 na 40, anza na ya 35. Ikikushinda kazi fulani, ndipo utafute ya pili.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha inaingia katika kamera yako, kisha ipitishe mbele ya tochi. Utando mwembamba kama wa buibui ndani ya vioo ni kuvu, ugonjwa wa lenzi zilizokaa kwenye unyevu, hasa huko Pwani.

Mwezi jana nilimketisha babu kando ya dirisha, nikampiga picha kwa lenzi moja tu ya f/2. Kila kunyanzi la uso wake linaonekana.

Nawe je? Wazee wako wangalipo? Wapige picha leo, usingoje lenzi ya tatu.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.