Tarakilishi ikigoma, usifiche maradhi

MFICHA maradhi, kifo humuumbua. Wahenga waliponena hayo walimfikiria mgonjwa wa nyama na damu. Lakini leo, mpenzi msomaji, hebu tumwangalie mgonjwa wa chuma na plastiki: tarakilishi.

Chukua mfano wa mwenye saiba pale Emali, mji ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa, mahali inapochepuka njia ya Loitokitok. Wateja wake ni mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB, mama anayetafuta PIN ya KRA na kijana anayechapisha barua ya kuomba kazi. Mashine zake ni za mtumba. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na mashine nyingi kuukuu haziwezi kubeba Windows 11. Si ajabu basi mwenye mfuko mwepesi akihamia Linux, ambayo haidai ada.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu jijini Helsinki, Finland. Ubuntu, mojawapo ya matoleo yake maarufu, ilizinduliwa Oktoba 2004 na kundi lililoongozwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Hata sisi Waswahili hatukuachwa nyuma: mwaka huo huo wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa Kiswahili.

Hata hivyo, hakuna programu isiyougua. Asubuhi moja, baada ya kusasisha mashine, skrini inabaki nyeusi au printa inanyamaza, na foleni ya wateja imefika mlangoni. Wengi hapo hukimbilia kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Huko ni kumzika mgonjwa kabla ya kumpima. Faili za wateja hupotea, na hitilafu yenyewe huenda ikarudi wiki ijayo.

Dalili kwanza

Anza na yaliyo mepesi. Je, waya umekaa sawasawa? Diski imejaa? Fungua terminali, andika df -h, nawe utaona nafasi iliyobaki. Diski iliyojaa pomoni yaweza kukuzuia kuingia kwenye mashine hata ukiandika nywila sahihi.

Pili, nakili ujumbe wa kosa neno kwa neno, au upige picha kwa simu. "Imekataa tu" si dalili.

Tatu, tenga chanzo. Ingia kwa akaunti nyingine ya mtumiaji katika mashine hiyo hiyo. Tatizo likitoweka, huenda liko kwenye mipangilio yako. Washa mashine kwa fleshi yenye Linux bila kuiweka kwenye diski. Tatizo likibaki vile vile, shuku chuma chenyewe. Na kama ugonjwa ulianza baada ya kusasisha, washa tena, uchague keneli ya zamani katika orodha inayotokea mwanzoni. Ikifanya kazi, umeokoa siku na pia umepata ushahidi mzito: ya jana ilikuwa nzima, ya leo ni mbovu.

Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matano kwa pamoja, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kwa mashine iliyozimika ghafla, amri ya journalctl -b -1 huonyesha kumbukumbu za mara iliyopita ilipowashwa. Lakini mjini ambako umeme hukatika, hakikisha kwanza kwamba si stima iliyopotea!

Namna ya kuripoti

Ukishajua programu inayougua, tafuta kwanza kama kuna mwingine aliyekwisha kuiripoti. Kwenye Ubuntu, andika ubuntu-bug ukifuatisha jina la programu. Mashine itakusanya habari za toleo na vifaa, kisha ikupeleke Launchpad, ambako utahitaji akaunti. Wenye Debian hutumia reportbug.

Ripoti nzuri hujibu maswali matatu: Nilifanya nini, hatua kwa hatua? Nilitarajia nini? Nikapata nini? Kiingereza chepesi chatosha. Epuka matusi na malalamiko. Wengi watakaosoma hawalipwi. Tena kagua unachotuma: jina la mteja, nambari ya kitambulisho au nywila visiwemo, maana ripoti nyingi husomwa na ulimwengu mzima.

Je, ripoti ya mtu mmoja wa Emali ina uzito? Ndiyo. Mtengenezaji aliyeko Ulaya hana printa yako kuukuu wala mashine yako ya mtumba. Usipomwambia, kwake ugonjwa huo haupo, na mwenzako wa Wote au Kibwezi atakwama papo hapo ulipokwama wewe.

Hitilafu nambari 1 katika daftari la Ubuntu iliandikwa na Shuttleworth mwenyewe Agosti 2004. Alilalamika kwamba Microsoft ndiyo iliyoshika sehemu kubwa ya soko. Aliifunga Mei 2013, simu na vifaa vya mkononi vilipokuwa vimebadilisha soko lenyewe. Ilichukua karibu miaka tisa. Basi usikate tamaa ripoti yako ikikaa miezi bila jibu. Ukiulizwa swali, jibu. Ukijipatia tiba, iandike hapo hapo ili wengine wapone.

Nawe mzazi, mtoto anapokwambia tarakilishi imeharibika, usimkaripie. Mpe kalamu na karatasi, umwambie aandike alichokiona. Hata daktari huanza kwa kumsikiliza mgonjwa.