Mwamba Ngoma Asiwe Mwamuzi

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wazee waliotuachia methali hii hawakuiona kompyuta, lakini kama wangalikuwapo leo wangaliikuta desturi ile ile imevaa nguo mpya. Aundaye programu ya kucheza sataranji au bao huipima mwenyewe, huihukumu mwenyewe, kisha huitangazia dunia kuwa haina mfano wake. Nami naandika kuipinga desturi hii, si kwa kuichukia mashine, bali kwa kuuonea ukweli huruma.

Nilikuwa Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, wakati wa likizo ya chuo. Alasiri moja niliketi kivulini pamoja na wazee waliokuwa wakicheza bao. Katika nchi ile ya Wasukuma mchezo wa jamii hii huitwa isolo, walakini bao la Kiswahili nalo halikosi wapenzi. Kijana mmoja, aliyepata kuwa mwanafunzi wangu, alileta simu yenye programu ambayo tangazo lake lilidai kuwa inacheza bao la Kiswahili kwa kiwango cha bingwa.

"Shikamoo, babu," alimwambia mzee mmoja. "Hii hutaiweza."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ipange tuone."

Kijana aliipanga, na kwenye kioo cha simu kila shimo likaonekana lina kete mbili. Mzee akacheka. "Hili ni bao la kujifunza," akasema. "Namua iko wapi?"

Swali la mzee lilikuwa na uzito kuliko tangazo zima. Bao la Kiswahili huanza kwa kete 10 tu za kila mchezaji ubaoni, 6 katika nyumba na nne katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 zilizobaki hukaa mkononi, zikaingizwa moja moja katika namua, ndipo mtaji uanze. Aondoaye namua ameondoa nusu ya mchezo, na ile nusu ambamo nyumba hulindwa au hupotea. Mzee alicheza mara tatu, akashinda mbili. Lakini hata kama angalishindwa zote tatu, programu isingalithibitisha ubingwa iliojidai nao, kwa kuwa mchezo ulioshindaniwa haukuwa mchezo uliotangazwa.

Wako watakaonijibu kuwa sataranji imeokoka na udanganyifu huu, kwa sababu ina nambari, na nambari haina upendeleo. Ni kweli kwamba hesabu aliyoibuni Arpad Elo, ambayo shirikisho la sataranji la dunia liliikubali mwaka 1970, ni kipimo chenye hekima. Lakini hupima nini? Hupima tofauti baina ya wachezaji wa kundi moja wanaokutana. Amzidiye mwenziwe kwa alama 200 hutarajiwa kupata kama robo tatu ya pointi za mapambano yao. Zaidi ya hapo nambari haisemi neno. Magnus Carlsen alifika 2882 mwaka 2014. Programu iitwayo Stockfish huandikiwa zaidi ya 3500 katika orodha za mashine. Msomaji mwepesi huitoa nambari moja katika nyingine akadhani amepata umbali uliopo kati ya mtu na mashine. Amepotea. Nambari ya kwanza imezaliwa na watu waliocheza na watu, ya pili na mashine zilizocheza na mashine. Kutoa moja katika nyingine ni sawa na kutoa pishi katika maili.

Sisemi kwamba mashine haimshindi mtu. Humshinda, na jambo hilo limekwisha. Nasema kwamba ushindi mmoja haufungui kinywa kwa kila dai. Mwaka 1996 Garry Kasparov aliishinda Deep Blue, mashine ya IBM, kwa pointi 4 kwa 2. Mwaka 1997, katika jiji la New York, mashine ilishinda kwa 3½ kwa 2½. Kasparov akaomba marudio. Wenye mashine wakakataa, wakaistaafisha. Yaani mwenye ngoma aliichagua siku ya kuacha kucheza, nayo ikawa siku aliyoongoza. Mapambano sita yatosha kumpa mtu kombe. Hayatoshi kuipa dunia kipimo.

Tena tazama mfano wa mwaka 2017. Kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba programu yake, AlphaZero, imecheza na Stockfish mara 100, ikashinda 28, ikatoka sare 72, bila kushindwa hata mara moja. Dunia ilishangilia. Wajuzi wakauliza: Mbona Stockfish ilipewa kumbukumbu ya gigabaiti 1 tu? Mbona ililazimishwa kutumia dakika moja kwa kila hatua, ingawa imeundwa ijue wapi pa kukawia na wapi pa kuharakisha? Mbona mapambano yaliyoonyeshwa ni kumi tu? Maswali haya hayakuwa husuda. Mwaka 2018 kampuni ile ile ilitoa matokeo ya mapambano 1000 katika masharti bora zaidi: AlphaZero ilishinda 155 na kushindwa 6. Ubora wake ulibaki, lakini ile sifa ya kutoshindika iliondoka. Hivi ndivyo lawama ya haki inavyozaa kipimo cha haki, wala mwenye kitu chema hapati hasara kwa kuulizwa.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wetu wasiipokee nambari yoyote ya nguvu mpaka ijibu maswali matatu. Imecheza na nani, na mara ngapi? Imecheza kwa kanuni zipi, kwa saa ipi na kwa mashine ipi? Na aliyeamua ni nani? Asiyeweza kujibu la tatu ila kwa kujitaja mwenyewe, hana kipimo, ana tangazo.

Na sisi wa Kiswahili tuna wajibu mzito zaidi. Sataranji ina waamuzi wengi duniani wa kuitetea. Bao halina wengi. Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar katika kitabu chake cha mwaka 1995, akaonyesha jinsi wanavyozikokotoa kichwani duru ndefu za kete. Mabingwa wa namna hiyo ndio wanaostahili kuwa waamuzi. Aletaye programu ya bao na ailete mbele yao, pamoja na namua yake na mtaji wake, na kila pambano liandikwe lisomwe na wote, la kushinda na la kushindwa. Tukinyamaza, watoto wetu watalijua bao la kujifunza kwa jina la bao la Kiswahili, na siku watakapomkuta mzee wa Mwanhuzi akiuliza namua iko wapi, watadhani ni yeye asiyeujua mchezo.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.