Sumu Isiyoonekana Ndani ya Nafaka

Nyumba nyingi za Mombo, kama zilivyo nyumba za Korogwe na Handeni, huishi kwa mahindi. Mtoto huachishwa ziwa kwa uji wa mahindi, na mzee humaliza siku yake kwa ugali. Kwa hiyo jambo lo lote liharibulo mahindi huingia katika kila chungu, wala halichagui tajiri na maskini. Mwezi huu twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za sumu iitwayo sumukuvu: jinsi ilivyojulikana, jinsi sheria na ufundi mpya vinavyoizuia, na yale ambayo yampasa kila mwenye nyumba kuyafanya kwa mkono wake mwenyewe.

Katika mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache. Waganga wa wanyama hawakuyatambua maradhi yale, hata wakayapa jina la herufi tu. Baada ya uchunguzi ikaonekana kwamba ndege hao walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, nayo yalikuwa yameingia ukungu. Ukungu wenyewe wataalamu huuita Aspergillus flavus, na sumu iliyomo wakaiita aflatoksini. Sisi kwa Kiswahili twasema sumukuvu, yaani sumu itokayo katika kuvu. Kuvu hilo hukaa udongoni. Hulishambulia hindi lingali shambani, hasa jua linapokuwa kali wakati punje zinajaza, kisha huzidi kustawi ghalani ikiwa nafaka imewekwa na unyevu.

Asidhani mtu kwamba hayo ni mambo ya bata wa Ulaya. Katika mwaka 2004, nchini Kenya, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Na hapa kwetu Tanzania, katika mwaka 2016, yalizuka maradhi katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu walitapika, wakavimba matumbo, macho yakawa manjano. Hapo kwanza maradhi hayo yalisemwa kuwa hayajulikani. Waliougua walikuwa 68, na 20 wakafariki dunia. Mahindi yao yalipopimwa, sumu ilikutwa.

Lakini vifo hivyo vya ghafula ni sehemu ndogo ya madhara. Anayekula sumu hii kidogo kidogo kwa miaka mingi hujitia katika hatari ya saratani ya ini, na hatari hiyo huzidi sana kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ndiyo sababu chanjo ya homa hiyo, ambayo watoto wachanga nchini hupewa tangu mwaka 2002, si jambo la kupuuzwa na mzazi. Wataalamu wameona pia uhusiano baina ya sumu hii na kudumaa kwa watoto. Tena ng'ombe akilishwa pumba zenye sumu, sehemu yake hutoka katika maziwa, na mtoto yule yule tuliyemwepusha na uji mbaya akainywa kwa kikombe.

Ubaya wa adui huyu ni kwamba hana harufu wala ladha. Punje yaweza kuonekana nzuri na sumu imo. Na moto wa jikoni haumwui: ugali ukiiva vizuri, kuvu litakufa, lakini sumu iliyokwisha tolewa itabaki. Basi pua ya mama na ulimi wa baba, vilivyowatosha wazee wetu katika mambo mengi, katika hili havitoshi. Hapo ndipo tunapohitaji vitu viwili: kipimo kiwezacho kuona tusichokiona, na sheria iwezayo kumzuia mtu asituuzie kilichopimwa kikakutwa kibaya.

Tuanze na sheria. Nchi za Afrika ya Mashariki zimekubaliana kwamba mahindi ya kuliwa na watu yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu katika kila kilo moja. Ili msomaji aelewe udogo wake, achukue gunia la kilo 100. Gunia hilo likiwa na miligramu moja tu ya sumu, yaani pungufu kuliko chembe moja kubwa ya sukari, limekwisha fika mpaka. Kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilikuwa chini ya mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 imehamishiwa kwa Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS.

Wako wasemao kwamba sheria za namna hii ni mzigo kwa mfanya biashara. Na watazame yaliyotokea mwezi Machi mwaka 2021. Tarehe 5 ya mwezi huo Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie kwao, kwa hoja kwamba yana sumu kupita kiasi. Malori yakakwama mpakani. Baada ya siku chache, tarehe 10, njia ilifunguliwa, lakini kwa masharti: mwenye kuingiza mahindi awe ameandikishwa, shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi kiasi kile cha 10, na ijulikane nafaka ilikotoka. Mkulima wa Handeni ambaye hajapata kufika Namanga alipaswa kulifahamu jambo hilo, kwani bei ya gunia lake hutegemea kufunguka kwa njia. Nchi ambayo maabara yake yanaaminiwa, cheti chake hupokelewa; na nchi isiyopima hukataliwa mahindi mazuri pamoja na mabaya. Kwa hiyo sheria ile ile imlindayo mtoto na sumu ndiyo imlindayo msagaji, mwenye kiwanda cha unga na mwenye lori.

Sasa tuje katika ufundi. Zamani kupima sumu hii kulihitaji maabara kubwa na siku nyingi. Siku hizi kuna vipimo vya ukanda, mfano wa kile cha malaria kinachotumika zahanati kwa tone la damu, na jibu hupatikana katika dakika chache ghalani penyewe. Lakini kipimo hakina faida ikiwa sampuli imechukuliwa ovyo. Sumu haienei sawasawa. Punje chache zaweza kulichafua gunia zima. Kwa hiyo mpimaji hupiga bambo katika magunia mengi, juu, kati na chini, akachanganya na kusaga, ndipo apime.

Ufundi wa pili wafanya kazi shambani. Katika kuvu hilo hilo ziko aina zisizotoa sumu. Wataalamu wamezichagua hizo, wakazipaka juu ya punje za mtama zilizouawa kwa joto zisiote, na dawa hiyo huitwa Aflasafe. Ile ya Tanzania iliidhinishwa mwaka 2018. Mkulima hunyunyiza kilo 4 kwa ekari, wiki 2 au 3 kabla ya mahindi kuchanua, na kuvu jema hutangulia kuishika nafasi ambayo lile baya lingeikalia. Ufundi wa tatu ni mifuko isiyopitisha hewa, miwili ya plastiki ndani ya gunia moja. Ikifungwa barabara, dumuzi na fukusi hufa kwa kukosa pumzi, na mtu hana haja ya kuchanganya chakula chake na dawa ya unga. Lakini mfuko huo haukaushi. Atiaye ndani yake mahindi mabichi amejifungia hasara yake mwenyewe.

Ndugu wasomaji, jambo hili si geni katika dini yetu ila kwa jina. Wanavyuoni wamepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, na vidole vyake vikapata unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wapate kuiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Tazama kwamba habari yenyewe ni ya nafaka iliyolowa! Na miji ya Kiislamu ya zamani ilikuwa na muhtasibu, mtu aliyewekwa kukagua mizani na vyakula sokoni. Bambo la mkaguzi wa leo ni mkono ule ule uliotiwa katika lundo. Basi mfanya biashara achanganyaye magunia mawili mabovu katika kumi mazuri, ili mabaya yajifiche, asijifariji kwamba hakuonwa na afisa.

Hata hivyo, haki ina pande mbili. Mkulima maskini akiambiwa kwamba mahindi yake yote ni ya kutupwa, naye hana akiba nyingine, atayala usiku au atayauza kwa siri. Sheria isiyomsaidia mtu huyo kukausha na kupima mapema itamfanya awe mwongo kabla ya kumfanya awe salama. Kwa hiyo twasema kwamba vyama vya ushirika, halmashauri na wenye maghala wangepaswa kuweka kipimo karibu na mkulima, pamoja na maturubai na mahali pa kukaushia, tena nafaka iliyo safi ipate bei iliyo bora. Mtu akiona usafi una malipo, hatahitaji kuchungwa.

Na sisi majumbani tufanye nini? Kwanza, tuvune mara mahindi yakomaapo, wala tusiyaache yakanyeshewa. Pili, tusianike juu ya udongo mtupu. Turubai, jamvi au kichanja ni bora. Tatu, tuhakikishe yamekauka. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi mpaka robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache kisha acha itulie robo saa. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, mahindi yangali mabichi. Isipogandama yamekaribia, nawe uyaongezee siku nyingine ya jua kabla ya kuyafunga. Nne, tuchambue kwa subira, tukiondoa punje zilizooza, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizotobolewa, maana sumu nyingi hukaa humo. Kukoboa nako huondoa sehemu yake. Tano, zile mbovu tusiwape kuku wala ng'ombe, wala tusimpe jirani kwa jina la sadaka, tuzifukie. Sita, karanga nazo tuzitazame vivyo hivyo, hasa zile tumsagiazo mtoto katika uji.

Kazi ya kuchambua imeachiwa akina mama peke yao kwa muda mrefu. Enyi vijana, keti nao. Ninyi mliosoma shule mwajua kusoma nambari ya cheti na maelezo ya mfuko. Wafafanulieni wazazi wenu kwa adabu, bila ya kuwadharau. Serikali itaweka mpaka wa 10, na maabara yatapima shehena ziendazo viwandani na ng'ambo. Lakini debe lililo nyuma ya mlango wa nyumba yako halitafikiwa na mkaguzi ye yote. Hilo ni amana yako wewe, na watakaokula ni watoto wako.

Wabillahi tawfiq.