Gari Linapogonga, Dereva Asinyamazishwe



Wengi wetu tunafika kazini kwa gari lisilo letu. Wako wanaopandia lori alfajiri pale Kinama na Buterere kwenda viwandani, wako wanaochukuliwa na pikapu hadi mashamba ya mpunga ya Gihanga, na wako wenzetu wa chai wanaopandishwa milimani wakiwa wamesimama, kila mmoja ameshika bega la mwenziwe. Magari hayo ni makuukuu. Mengi yalikwisha kutumika Japani miaka mingi kabla hayajauona mji wa Bujumbura, na usukani wake ungali upande wa kulia ingawa hapa kwetu tunapita upande huo huo wa kulia wa barabara. Hatuyacheki. Gari kuukuu likitunzwa linafanya kazi, na tumeona mapya yaliyokufa kabla yake. Tunachotaka kuzungumza ni kelele zake, na nani anayesikilizwa anaposema kwamba gari linalia.

Tuanze na lililotupata sisi wenyewe. Lori dogo la kiwanda kimoja hapa mjini, ambacho hatukitaji jina, lilikuwa likigonga mbele upande wa kushoto. Sisi tuliokaa nyuma tulilisikia kwa nyayo kabla ya masikio: ko, ko, kila lilipopita shimo dogo polepole, na ko moja nzito kila dereva alipokanyaga breki. Dereva akamwambia kapita. Kapita akajibu kwamba lori linabeba watu, halibebi mayai. Wiki iliyofuata akamwambia tena. Mara ya tatu akamwambia mbele yetu sote, na akaambiwa ana domo. Siku chache baadaye, tukikata kona kuingia langoni, gurudumu lile likalala chini ya lori, na pua ya lori ikachimba ardhi. Mwendo wetu ulikuwa mdogo, mtu wa miguu angeweza kutupita. Mama mmoja alivunjika mkono, wengine tukachubuka. Lingetukuta tukiteremka kutoka Bugarama, ambako barabara inaanzia zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kushuka kwa kona juu ya kona hadi ziwani kwenye mita 770 hivi, mtu mwingine ndiye angeandika habari zetu.

Dereva alikatwa mshahara kwa uzembe. Aliposema alitoa habari mara tatu, aliulizwa swali moja tu: karatasi iko wapi? Karatasi haikuwapo. Sisi mashahidi tulikuwapo zaidi ya ishirini, lakini ishirini wasio na karatasi walishindwa na mmoja mwenye muhuri.

Ndiyo maana tunasema kila gari linalobeba wafanyakazi liwe na daftari la kelele, na kila kelele iandikwe siku inaposikika, kwa tarehe, na msimamizi atie sahihi kwamba ameisoma. Wako wenzetu katika chama wasiopenda maneno haya. Wanasema chama kishughulikie mishahara, mambo ya springi tuwaachie mafundi. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mshahara hulipwa aliye hai, na yule dereva alikatwa mshahara huo huo wanaotaka tuutetee.

Sasa, mtu hawezi kuandika asichokijua, kwa hiyo tuseme kidogo tulivyofundishwa na mafundi wa Buyenzi. Mafundi wale wengi hawakusoma kuliko sisi, bali masikio yao yamesoma.

Kelele ya kugonga gari linapopita vishimo vidogo polepole ndiyo inayoleta ubishi mwingi. Mara nyingi hutoka kwenye vile vijiti viwili vinavyoshika fito ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Hiyo ni kasoro ya bei nafuu, na gari laweza kutembea nayo siku kadhaa bila kuua mtu. Lakini ko-ko hiyo hiyo yaweza kutoka kwenye rotili, yaani kile kifundo cha duara kinachoshikanisha gurudumu na mkono wake wa chini. Wengine wanaiita bolijointi. Hiyo ikitoka mahali pake, gurudumu halina cha kulishika, na hilo ndilo lililotokea pale langoni. Kwa sikio la mtu aliyeketi kitini, kelele hizi mbili zinafanana sana. Kwa hiyo bosi anayejibu kutoka ofisini kwamba “hiyo ni ndogo tu” anabahatisha, na anabahatisha kwa miili yetu. Anayetaka kujua hana budi kuinua gari.

Kuinua si kazi ya mtambo mkubwa. Inatosha jeki, magogo mawili imara na mtu wa pili. Jeki peke yake isiaminiwe kamwe. Weka magogo chini ya chasisi kabla hujaingiza hata mkono. Gurudumu likiwa hewani, lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako achungulie panapocheza: yaweza kuwa rotili, yaweza kuwa beringi ya gurudumu. Kisha lishike kushoto na kulia. Likicheza hivyo, tazama vichwa vya fito za usukani. Kuna magari ambayo springi huikandamiza rotili hata gurudumu likiwa hewani, kwa hiyo huonyesha uzima wa uongo. Katika hayo fundi huweka jeki chini ya mkono wenyewe ili rotili ipumue, halafu hujaribu tena kwa mtaimbo. Tumesimama tukitazama kazi hii mara nyingi, na ilikwisha kabla chai haijapoa.

Ko moja nzito unapofunga breki au unapoondoka kwa nguvu, shuku bushi za mpira kwenye mikono ya chini. Mpira umekufa, chuma kinapiga chuma. Kelele ya kitanda kibovu, kwichi-kwichi, gari likiinama na kuinuka, mara nyingi ni mpira uliokauka. Mimina maji kwenye mpira mmoja mmoja; ule utakaonyamaza kwa muda ndio mkosaji. Mngurumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na unaobadilika ukikata kona, huo si wa springi bali wa beringi. Ukizidi ukikata kushoto, anza kutazama gurudumu la kulia, maana ndilo linalobeba uzito wakati huo.

Shokapu, au amotisere kwa waliozoea Kifaransa, yenyewe mara nyingi hufa kimya. Kandamiza pembe ya gari kwa nguvu kisha achia: gari zima hurudi juu na kutulia. Likiendelea kucheza mara mbili tatu kama mashua ya Rumonge, shokapu imekwisha. Tazama pia kama mafuta yamechuruzika ubavuni mwake. Gari la namna hiyo gurudumu lake hurukaruka, na gurudumu lililo hewani halifungi breki.

Kuhusu malori yenye springi za mabamba, hapo tunataka ndugu zetu wa mashambani wasikilize sana. Lori likiwa tupu linapiga kelele zote, na ukilipakia watu na mizigo linanyamaza. Wasimamizi wengi hupenda kutumia jambo hili: wanapanda mbele lori likiwa limejaa, wanaenda hatua mia mbili, wanatoka na kusema hawakusikia kitu. Kweli hawakusikia. Uzito umekaza mahali palipolegea, bushi zilizolika zimekandamizwa zikatulia. Ubovu uko pale pale, tena sasa umebebeshwa watu arobaini. Kwa hiyo sikilizeni lori asubuhi linapokuja tupu, kabla hamjapanda, na mtazame kama limelalia upande mmoja, maana bamba moja likivunjika huinama upande huo. Boliti zinazoyafunga mabamba kwenye ekseli zikilegea, ekseli yenyewe husogea, na lori hutembea kiupande kama kaa.

Hatuwezi kuwalaumu wakubwa tu tukajisamehe wenyewe. Wako madereva wetu wanaokata mpira wa tairi kuukuu au wa kandambili na kuusokota mahali pa bushi, kelele ikaisha siku tatu, wakasifiwa kwa kupunguza gharama. Wako wanaopeleka bamba lililovunjika kulehemiwa. Chuma cha springi kikipata moto wa kulehemu hupoteza ugumu wake, na kitavunjika tena karibu na pale pale, pengine usiku. Na wako wanaofungua redio kwa sauti kubwa. Tunajua kwa nini wanafanya hivyo. Vipuri ni ghali, fedha za kigeni za kuvinunulia ni haba, na dereva anayesema gari halifai anaogopa kuonekana yeye ndiye asiyefaa. Lakini ndugu dereva, ukiificha kelele umejitwika wewe dhambi ya gari.

Wapo watakaouliza kama tuna haki ya kukataa kupanda. Shirika la Kazi Duniani, ambalo Burundi ni mwanachama wake tangu mwaka 1963, lilipitisha mwaka 1981 Mkataba namba 155. Kifungu chake cha 13 chasema kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kazini kwa sababu ya haki ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake, alindwe asipatwe na madhara yasiyostahili. Mwezi Juni 2022, huko Geneva, shirika hilo liliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, hata ikiwa haijatia sahihi mikataba yenyewe. Maneno hayo ni mazuri, lakini yasomeni vizuri: “sababu ya haki ya kuamini”. Mtu anayekataa gari kwa kuwa amechoka hana sababu hiyo. Mtu mwenye daftari linaloonyesha kugonga kuliandikwa tarehe 3, likaandikwa tena tarehe 9, tena tarehe 15, na hakuna aliyeinua gari, huyo anayo, na anaweza kuionyesha mbele ya Mkaguzi wa Kazi, na mbele ya INSS kama ajali imekwisha kutokea.

Kuna waajiri waliotuambia kwamba daftari hili ni uchochezi. Tunawajibu kwamba rotili moja ina bei ndogo kuliko lori lililolala langoni, na kuliko siku nne za kazi zilizopotea baada ya ajali ile, mashine zikingoja watu. Mwajiri mwenye hesabu ataliomba daftari hili yeye mwenyewe. Hata hivyo hatutangoja aombe.

Daftari liwe la kawaida, la shule, lifungwe kwa kamba chini ya kiti cha dereva. Liandikwe kwa Kirundi, Kiswahili au Kifaransa, lugha yoyote mwenye kuandika aliyo nayo. Ziandikwe siku, namba ya gari, upande unaolia, na kelele yenyewe inasikika lini: kwenye shimo, kwenye breki, kwenye kona, likiwa tupu au limejaa. Msilete maneno makubwa ya kifundi. Andikeni “linagonga mbele kushoto nikifunga breki”, fundi ataelewa. Msimamizi akikataa kutia sahihi, wasafiri wawili waandike majina yao na tarehe aliyokataa. Asiyejua kuandika amwambie aliye karibu naye. Ukurasa ukijaa, nakala iletwe kwa mjumbe wenu wa chama, naye atatuletea. Zile tulizokwisha kupokea kutoka magari ya kwanza tutakwenda nazo kwa waajiri tukiwa pamoja na dereva yule, ambaye fedha zake bado hajarudishiwa.